Zumu ya Miguu

Kibirizi, ufukwe wa wavuvi hapa Kigoma, wananiita Bwana Kinyumenyume, na jina limeshafika Mwanga, mtaani kwangu, kabla sijalizoea. Wacha nieleze mwenyewe, maana hadithi inayozunguka kwenye vijiwe vya bodaboda imetiwa chumvi. Wanasema nililia. Sikulia. Nilikuwa na gamba la dagaa jichoni.

Kamera yangu ni Canon EOS 1100D ya mtumba. Nilimuuzia jamaa redio yangu nikaongeza na hela ya ada ambayo mke wangu anadhani ililipwa mapema (ililipwa, ila si mapema). Ilikuja na ile lenzi ya kuzumu, ya milimita 18 hadi 55, ambayo kila mtu anaanza nayo. Miezi sita ya kwanza nilipiga kila kitu kisichoweza kunikimbia. Stesheni ya reli, jengo la enzi za Wajerumani, lipo palepale. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 kisha ikaibuliwa, ina subira kuliko binadamu yeyote ninayemfahamu. Nilikwenda na Ujiji, kwenye mnara wa pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, nikapiga miembe mpaka mlinzi akaniuliza kama nanunua maembe.

Shida yangu ilikuwa watu. Watu wanatingishika, wanafumba macho, wanakuuliza utawatumia lini. Nikaanza kusoma usiku kwenye simu, bando likiisha nasoma nilizopakua, na kila niliposoma nikaambiwa dawa ya picha za watu ni lenzi ya milimita 50, ile ya f/1.8, yaani yenye tundu pana la mwanga. Nikaagiza Dar es Salaam. Ikaja kwa basi ndani ya boksi la viatu, nami nikakimbilia stendi nikidhani nakwenda kupokea mtambo. Lenzi yenyewe inaenea kiganjani na haina uzito wa chungwa.

Nikampigia muuzaji. "Kaka, hii haizumu."

"Haizumu, ndiyo."

"Sasa nazumuje?"

"Kwa miguu yako, kaka. Ukitaka mtu awe mkubwa, sogea. Ukitaka awe mdogo, rudi nyuma."

Hilo neno la mwisho naomba ulikumbuke.

Kwenye kamera kama yangu mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu sensa yake ni ndogo kuliko fremu ya ile filamu ya zamani ya milimita 35. Unazidisha kwa 1.6, kwa hiyo 50 inakukatia picha kama 80. Sebuleni kwangu nikisimama ukutani napata nusu ya mtu. Wa kwanza kupigwa alikuwa mjomba, nikiwa nimefungua tundu lote mpaka 1.8, ambapo kinachotoka safi ni kipande chembamba tu. Sikio la kushoto lilitoka safi hata unaweza kuhesabu vinyweleo. Mjomba aliyebaki alikuwa ukungu. Akaitazama ile picha kwa muda, akasema, "Sikio ni langu. Huyu mwingine simjui."

Basi nikaona niende kwenye nafasi, kwenye mwanga, kwenye watu. Yaani Kibirizi.

Safari ya kwanza niliamka saa kumi usiku, mwezi umejaa, barabara nyeupe, nikawa naimba kwenye bodaboda. Nikafika ufukweni nikakuta mitumbwi imelala na mzee mmoja anashona wavu. Nikamuuliza wavuvi wanarudi saa ngapi. Akaniangalia, akauangalia mwezi, akaniangalia tena. "Mbalamwezi hii, nani akavue?" Kumbe dagaa wanafuata taa. Wavuvi wanatoka na taa zao, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola, dagaa wanajazana kwenye mwanga halafu wavu unawainua kutoka chini. Mwezi ukiwaka ziwa zima, taa yako inakuwa kama njiti ya kiberiti mchana. Nimekulia Kigoma, nimekula dagaa toka sijaota meno, hilo nilikuwa silijui. Nikapiga picha ya wavu, nikarudi kulala.

Safari ya pili nikasubiri giza. Na siku hiyo, jamani, Kibirizi ilikuwa imechangamka. Mitumbwi iliyofungwa miwili miwili inaingia, watu wameshika mabeseni, bei zinapigiwa kelele, abiria wa maboti ya kaskazini wanapandishwa mgongoni wasilowe. Kule kwetu jua linatokea nyuma ya vilima vya mji, kwa hiyo asubuhi ufukwe unakaa kivulini kwanza, halafu ghafla mwanga unashuka kwenye maji na kila kitu kinang'aa, na milima ya Kongo ng'ambo inaonekana kama imechorwa kwa makaa. Nikageukia ziwa, jua mgongoni, kama nilivyosoma. Nikaweka kamera kwenye ile hali ya kufuatilia kitu kinachotembea, nikaweka na picha za mfululizo. 1100D inapiga kama picha tatu kwa sekunde. Si bunduki, ila inajitahidi.

Mbele yangu akapita mama mmoja wa makamo, kanga mbili, beseni la dagaa wabichi kichwani, maji yanamchuruzika mabegani. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa, akasema piga, ila haraka, dagaa hawangoji. Nikaweka jicho. Nikapata kidevu na nusu ya beseni.

Nikarudi nyuma hatua moja. Nikapata uso.

Nikarudi mbili. Beseni lote. Nikaanza kubonyeza. Nikasema moyoni, nikipata na mtumbwi ule wa nyuma nimemaliza. Nikarudi tatu, nne. Mama akaacha kutabasamu. Akafungua mdomo. Nikasema, ndiyo hiyo, sura halisi! Akanyoosha mkono. Nikasema, mkono pia, safi kabisa! Alikuwa anapiga kelele, lakini Kibirizi asubuhi nani hapigi kelele?

Dagaa wabichi, walioanikwa juu ya wavu robo saa tu iliyopita, wanateleza kuliko sabuni. Mguu wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukaufuata kwa heshima. Sikuanguka. Nilikaa. Nilikaa katikati ya dagaa kama mtu aliyekaribishwa, kamera nimeinyanyua juu kama mtoto anayevushwa mto, na kidole bado kimebonyeza.

Ukimya. Halafu ufukwe mzima ukacheka.

Kwa aibu, ulimi ukatafuta neno la kusema, ukapata moja tu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa inuka, unawakalia."

Nikainuka vibaya. Nilijigeuza ili nisilowe zaidi, kumbe nawasaga waliobaki. Walikuwa wamenibandika kuanzia kiuno hadi magoti. Mama akatua beseni, akachuchumaa kwenye ile alama niliyoiacha, akaipima kwa viganja kama fundi anayepima mlango. "Sado mbili."

"Mama, kwa haki kabisa, mimi sina makalio ya sado mbili."

Akatokea mvuvi ambaye hakuna aliyemuuliza. "Mbili na nusu. Angalia alivyojigeuza."

Walioshuhudia wakakubaliana kuwa ni mbili na nusu. Mfukoni nilikuwa na elfu sita na kwenye simu salio la kusikitisha. Na hawa si dagaa wa mchezo. Ni dagaa wa Kigoma, wale ambao huko mikoani watu wanauziwa wa ziwa jingine wakidanganywa kwa jina lao. Mama hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, akautoa mkanda wa kamera shingoni mwangu, akauvaa yeye. Kamera ikakaa juu ya kanga kama kitambulisho cha kazi.

"Utageuza dagaa mpaka wakauke. Na kunguru wako hao."

Nikageuza. Wewe unayekula usifikiri ni kazi ya kukoroga. Unapitisha vidole chini yao, unanyanyua kidogo, unatikisa, unawatandaza wasilaliane, maana wakilaliana wanavunda wa chini. Unafanya hivyo mstari hadi mstari, mgongo umekunjika, na ukifika mwisho wa wavu wa kwanza wamekauka upande. Jua likikaza wanaanza kujikunja, wanabadilika kutoka rangi ya maji kwenda rangi ya fedha, na wakikaribia kuwa tayari ukiwashika wanalia kama karatasi. Kila wingu lilipotokea mama alikuwa analitazama kama mdeni wake. "Wakinyeshewa hawa ni chakula cha kuku," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaanza kuomba mvua isinyeshe kwa ajili ya kitu kisicho picha. Kunguru nao hawana adabu. Nilipofukuza wa kulia, wa kushoto alikuwa anachagua.

Muda wote huo nilikuwa nasikia kla-kla-kla.

"Mama, tafadhali, usiguse kioo."

"Kioo kipi? Hiki?" Akakigusa. Kwa dole gumba. La dagaa.

Saa kumi jioni akanirudishia kamera, akapokea elfu sita, akanifungia na dagaa wa kula nyumbani kwenye mfuko, "maana mkeo atauliza ulikuwa wapi." Nilirudi kwa miguu. Bodaboda wawili walinisimamia, wakanusa, wakakumbuka wana abiria.

Nyumbani nikaanza kusafisha. Gamba kwenye kitundu cha kuchungulia, gamba kwenye kitufe, gamba kwenye tundu la kadi, tena yanameta kana kwamba ni mapambo. Nilipuliza kwa pampu ya mpira, yakahama tu. Paka wa jirani akaja akalala juu ya mkoba na hajaondoka hadi naandika haya.

Picha za mfululizo zilikuwa 23. Nne za mama na beseni, ya tano mama amefungua mdomo na macho, tena kali, kila tone la maji begani unaliona. Picha bora niliyowahi kupiga, na ni ya mtu anayejaribu kuniokoa. Zilizobaki ni mbingu, kiatu changu, mbingu tena, na kunguru.

Halafu zikafuata za mama mwenyewe, 61. Nyingi ni kanga yake. Nyingine ni watoto wanapigana kuingia kwenye fremu. Ila moja, ya jioni, nimepiga magoti, nimenyanyua dagaa, wanaporomoka katikati ya vidole, ziwa nyuma, na mwanga wote umelainika kwa sababu ya lile dole gumba. Wapigapicha wa zamani walikuwa wanapaka vaselini makusudi kupata ulaini kama huo. Mke wangu akachungulia begani kwangu, akaninyang'anya.

"Baba watoto, hii kapiga nani?"

"Mama mmoja hivi. Muuza dagaa."

"Kumbe ukifanya kazi unapendeza." Ameiweka kwenye simu yake. Za kwangu hajawahi kuweka hata mwembe mmoja.

Wiki iliyofuata nikamsafishia mama ile picha yake ya tano, kubwa, nikampelekea. Akaishika mbali na macho, akaisogeza, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kilichoandikwa. "Nimepiga kelele vizuri," akasema. "Lakini dagaa wenyewe wako wapi?" Ni kweli, kwenye kuisafisha nilikuwa nimelikata beseni. Akataka nyingine, yeye na dagaa wake wote, wavu mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwa lenzi ya 50 hapo unatakiwa urudi nyuma sana. Akalijua hilo kabla sijasema. Akamwita mjukuu wake, wa miaka kama sita, akamwambia, "Mshike shati huyu."

Basi nikapiga, huku nyuma yangu kuna mtoto amekamata pindo la shati kwa mikono miwili kama anayemwongoza mbuzi, na kila nikirudi hatua moja anavuta na kusema, "Mjomba, dagaa. Mjomba, dagaa."