Fani na Maudhui Haitoshi Kuichambua Filamu

Uchambuzi mwingi wa filamu unaoandikwa kwa Kiswahili mitandaoni unaonyesha wazi kwamba mwandishi wake alifunzwa fasihi darasani. Dhamira zinatajwa, sifa za wahusika zinaelezwa, migogoro inaainishwa, kisha tunaambiwa iwapo ujumbe umefika. Sina ugomvi na fani na maudhui, ambayo imetulea sote. Ila maelezo ya namna hiyo yangeweza kuandikwa na mtu aliyesoma mswada tu, bila kuitazama filamu yenyewe hata dakika moja.

Chukua La Noire de..., filamu ya Ousmane Sembène wa Senegal iliyotoka mwaka 1966. Diouana, msichana wa Dakar, anawafuata waajiri wake Wafaransa hadi Antibes, mji wa kusini mwa Ufaransa, akidhani atalea watoto, lakini huko anageuzwa mpishi na mfagiaji, na mwishowe anajiua. Mchambuzi wa dhamira atasema ukoloni mamboleo, utumwa wa majumbani, upweke, na atakuwa sahihi. Hata hivyo hajagusa bado jinsi filamu inavyotufanya tuuone upweke huo. Imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na katika nyumba ile yenye kuta nyeupe, kinyago cha Kiafrika ambacho Diouana aliwapa waajiri wake kimetundikwa peke yake ukutani, nasi tunajua bila kuambiwa ni nani mwingine aliyewekwa humo kama pambo. Maleba nayo yana kazi yake: Diouana anasafisha nyumba akiwa amevaa gauni zuri na viatu vya visigino virefu, na bibi mwenye nyumba anapomwamuru avivue, ugomvi mzima wa filamu umo katika amri hiyo.

Eneo ambalo wachambuzi wetu hulipita haraka kuliko yote, kwa maoni yangu, ni sauti. Mbele ya waajiri wake Diouana hasemi mengi, lakini sauti yake ya ndani, ile ambayo mtazamaji peke yake anaisikia, inaeleza, inalalamika na kuhoji kwa urefu. Sauti hiyo si ya mwigizaji tunayemwona, Mbissine Thérèse Diop. Iliingizwa na Toto Bissainthe, msanii kutoka Haiti, tena kwa Kifaransa. Mwili ni wa mtu mmoja na mawazo yanasemwa na mwingine, kwa lugha ya waajiri. Wapo wanaoliona hilo kuwa dosari ya filamu, nami naona linaongeza uchungu wake, ingawa Sembène mwenyewe alipotengeneza Mandabi mwaka 1968 aliwaacha wahusika wake wazungumze Kiwolofu, lugha ya kwao Senegal. Mjadala huo hauwezi hata kuanza kwa mtu asiyetenganisha sauti inayosikiwa na wahusika na ile inayosikiwa na mtazamaji tu.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la kukariri istilahi kama kanuni za hesabu. Utasoma kwamba kamera ikimtazama mhusika kutoka chini maana yake ni mamlaka, na kwamba picha ya karibu, ile ambayo uso unaijaza fremu, huonyesha hisia, kana kwamba kila mwongozaji duniani amekula kiapo cha kuzifuata kanuni hizo. Katika jaribio linalotajwa sana la mwongozaji wa filamu Mrusi Lev Kuleshov, uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin uliunganishwa na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke, na inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa katika uso ambao haukubadilika hata kidogo. Ikiwa picha ya karibu hupata maana kutokana na picha zinazoitangulia na kuifuata, basi mchambuzi anayeitaja peke yake ametaja kipimo cha fremu tu, na swali la uhariri, yaani kwa nini mkato, pale picha moja inapokoma na nyingine kuanza, umewekwa pale na si sekunde mbili baadaye, bado linamsubiri.