Taa inawaka, maji baridi

Jamani, wiki ya pili sasa! Nabonyeza swichi ya mashine yangu ya kahawa ya espreso, taa inawaka, pampu inanguruma kama kawaida, halafu kikombe kinajaa maji baridi yenye rangi ya udongo. Espreso inataka maji ya nyuzijoto 90 hadi 96; chini ya hapo kahawa inakuwa chachu tu. Na hii ni kahawa aina ya arabika ya Mlima Elgon, imeletwa kutoka Mbale juzi.

Kinachoniudhi hasa ni mafundi. Wawili hapa Kampala wameniambia hita imekufa, ninunue mashine nyingine, bila kufungua hata skrubu moja. Nikachomoa plagi, nikaifungua mwenyewe. Nikapima hita kwa mita: nzima. Thamostati, kile kidhibiti joto: nzima. Kilichokatika ni fyuzi ya joto, kidude chembamba kama njiti ya kiberiti, kimebanwa kwenye boila, kile chombo cha kuchemshia maji. Ikishakatika hairudi, lazima ibadilishwe.

Sasa nazunguka madukani kutafuta yenye kiwango kilekile cha joto. Jana muuzaji mmoja ananiambia, "Unganisha waya moja kwa moja, ssebo," yaani bwana, niiruke fyuzi. Hapana! Fyuzi hiyo ndiyo inayozuia mashine isishike moto jikoni kwangu.