Kifungo cha haidrojeni kinapewa sifa kupita kiasi?

Muulize mwanafunzi yeyote wa kemia kwa nini alkoholi huchelewa kuchemka, jibu analo mdomoni: vifungo vya haidrojeni. Jibu ni sahihi, ila mitihani imelizoea mno, kiasi kwamba nusu ya pili ya habari huachwa.

Ushahidi wa upande huo ni mzito. Molekuli za ethanoli na propani zinakaribiana uzito, 46 kwa 44, lakini propani huchemka kwenye nyuzi −42 na ethanoli kwenye 78. Hata etha ya dimethili, yenye atomu zilezile za ethanoli, huchemka kwenye −24, kwa kuwa haidrojeni zake zote zimeshikwa na kaboni. Ikishikwa na oksijeni, haidrojeni huvutiwa elektroni zake, ikabaki na chaji chanya kidogo, na oksijeni ya molekuli jirani ikaidaka.

Sasa refusha mnyororo wa kaboni. Butanoli (huchemka kwenye 118) inaipita pentani (36), isiyo na kifungo hicho lakini yenye uzito unaokaribiana nayo, kwa nyuzi 82. Oktanoli (195) inaipita mwenzake wa aina hiyo, nonani (151), kwa 44 tu. Wapo wanaohitimisha hapa kwamba kwenye alkoholi ndefu kifungo hakina kazi tena. Wanaharakisha. Tazama nishati ya kuvukiza kwenye nyuzi 25: butanoli hudai kilojuli 52 hivi kwa moli, pentani 26, oktanoli 71, nonani 46. Tofauti ni karibu ileile. Kifungo hakijalegea, kimezidiwa wingi na nguvu za mtawanyiko, yaani mvutano hafifu uliopo kati ya molekuli zozote, zile alizozieleza mwanafizikia Fritz London mwaka 1930, ambazo hukua kwa kila kaboni inayoongezwa.

Umbo nalo lina neno. Butanoli iliyojikunja kuwa na matawi, iitwayo tert-butanoli, huchemka kwenye 82, nyuzi 36 chini ya ndugu yake iliyonyooka. Rahisi kusema matawi yameisonga OH (ile oksijeni iliyoshika haidrojeni), lakini pentani nayo, isiyo na OH, ikijikunja hivyo hupoteza nyuzi 27. Kwa hiyo sehemu kubwa ya anguko hilo naiweka kwa nguvu za London.

Hata hivyo, kwa kundi moja moja, OH haina mpinzani. Glikoli ya ethilini, kaboni mbili tu na OH mbili, huchemka kwenye 197: juu kidogo ya oktanoli yenye kaboni nane.