Intaneti ya Nyumbani Hull: Kasi Ipo, Mkataba Ndio Mtihani

Anayehamia Hull akitokea London au Birmingham hushangazwa na mambo mawili. Vibanda vya simu ni vya rangi ya maziwa, si vyekundu. Halafu kila anayemuuliza habari za intaneti anamtajia KCOM, kampuni ambayo huko alikotoka hajaisikia. Asili yake ni moja. Halmashauri ya mji ilianzisha huduma yake ya simu mwaka 1904, na miji mingine ilipouza za kwao, Hull ikang'ang'ania ya kwake, ambayo ndiyo KCOM ya leo. Matokeo yake BT, ambayo nyaya zake zimeenea karibu nchi nzima, haikurithi za Hull.

Ukiritimba huo umelaaniwa sana, na si bure. Kwa miaka mingi mkazi aliyechoshwa na bei hakuwa na pa kukimbilia. Lakini mwaka 2019 KCOM ilimaliza kufikisha faiba, yaani nyaya za kioo za intaneti, majumbani katika eneo lake, wakati kwa Uingereza nzima ni takriban nyumba moja tu kati ya kumi iliyoweza kuipata. Kampuni isiyo na mpinzani mtaani haiogopi kufukia pesa ardhini. Mimi si shabiki wa soko la duka moja, ila hapo lazima niwape haki yao.

Washindani wamekuja baadaye: MS3, na Connexin ambayo mtandao wake wa faiba ulinunuliwa na CityFibre mwaka 2025. Bei zikaanza kushindana, mteja akapata pa kuulizia. Tatizo likawa nguzo. Kwenye mitaa ambayo nyaya za KCOM zimepita chini ya ardhi tangu zamani, watu waliamka wakakuta nguzo ya mbao imesimikwa mbele ya dirisha la sebuleni. Sheria ya England haidai kibali cha mipango miji kwa nguzo kama hizo. Kampuni huwajibika kutoa taarifa tu. Wakazi wakaandamana, wengine wakasimama pale pale mafundi walipotaka kuchimba. Kampuni nazo zilijitetea kwamba kupita kwenye mabomba ya KCOM hakukuwa rahisi kama kupita kwenye ya Openreach, tawi la BT lenye nyaya zake, ambayo mdhibiti wa mawasiliano Ofcom ameilazimisha kuyafungua kwa washindani. Hoja yao ina uzito, japo haimsaidii bibi ambaye nguzo imemzibia ua wake.

Kwa Waswahili wa Hull, wakiwemo Wakongo wengi waliopokelewa hapa kama wakimbizi tangu miaka ya 2000, nguzo si kichwa cha habari. Wengi wetu ni wapangaji. Faiba inataka ukuta utobolewe, na ukuta ni wa mwenye nyumba. Ruhusa iombwe kwanza, tena kwa maandishi. Kisha kuna mkataba. Bei inayotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya miezi 24. Jamaa yangu mmoja alisaini, mwezi wa tisa wa mkataba akapata kazi mji wa Leeds, kampuni ikamdai fidia ya miezi 15 iliyobaki. Intaneti yenyewe haikuwahi kumsumbua hata siku moja.

Ndiyo maana siwacheki wanaochukua ruta ya 5G. Unaichomeka kwenye umeme, unaiweka dirishani, basi. Ipo mikataba ya mwezi mmoja mmoja, na ukihama unaitia kwenye begi. Ubaya wake unauona jioni, mtaa mzima ukirudi kazini: kasi inashuka, na nyumba za matofali mazito huzidisha shida. Niliwahi kupima nikiwa sebuleni, nikapima tena jikoni upande wa tenfoot, kama wenyeji wanavyouita uchochoro wa nyuma. Jikoni haikufika hata nusu.

Kuhusu kasi, watu wanauziwa wasichohitaji. Netflix yenyewe inasema megabiti 15 kwa sekunde zinatosha kwa picha ya 4K. Familia ya watu wanne haina sababu ya kulipia 900. Afadhali pesa hiyo inunue mkataba mfupi. Anayepokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, aulize kwanza kifurushi cha bei nafuu cha kijamii, kwani hakitangazwi kama vile vingine. Na tangu Januari 2025, kwa mikataba mipya, ongezeko la bei la katikati ya mkataba lazima litajwe kwa pauni na peni siku ya kusaini, si "mfumuko wa bei jumlisha kadhaa". Lisome kabla ya kutia sahihi.

Mwenye nyumba yake, au mpangaji mwenye uhakika wa miaka miwili, achukue faiba ya yeyote aliye nafuu mtaani kwake. Mgeni aanze na 5G ya mwezi mwezi. Kwa vyovyote, asiilaumu ruta kila sura ya mama ikiganda kwenye WhatsApp: mara nyingi ni bando la upande wa Uvira, kule Kongo, ndilo limekwisha.