Usiku Niliosema "Jaza"

Mimi ni mtu wa "ya mia tano, dada." Tangu ninunue gari sijamwambia mhudumu wa pampu neno jingine, isipokuwa mwisho wa mwezi, ambapo husema "ya elfu" kwa sauti ya juu kidogo ili gari la nyuma lisikie. Lakini usiku wa Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, nilikuwa na shilingi 9,000 za chama mfukoni, zamu yangu ikiwa imefika baada ya kuwachangia wengine mwaka mzima. Nikaapa: leo nasema "Jaza."

Anayeishi Kenya anaijua tarehe 14. Ndiyo siku EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na mafuta, hutangaza bei za mafuta, na saa sita usiku bei mpya inaanza kazi. Petroli Nairobi ilikuwa shilingi 194.68 kwa lita. Habari zikaingia kwenye simu: inapanda kwa 16.96, mpaka 211.64. Petroli Nairobi ilikuwa haijawahi kuvuka mia mbili. Jiji zima likavaa viatu.

Gari langu ni jeupe, la mgongo mrefu, ndugu wa yale yanayoshuka na miraa kutoka Meru kana kwamba breki ni hiari. Hili langu halijawahi kubeba miraa wala kuona mwendo. Tangu kodi ya VAT ya mafuta ilipotoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai, nililiegesha chini ya mparachichi pale plotini kwetu Umoja, nikarudi kwenye matatu kama binadamu wengine. Nilijiona mjanja sana. Shikilia hapo, nitaurudia ujanja huo.

Kosa la kwanza lilikuwa kumbeba shemeji. Huyu ndugu ya mke wangu hajamiliki hata baiskeli, lakini hakuna gari lenye ugonjwa asioujua. Tukafika kwenye foleni pale Outering, mkia wake ukiwa barabarani, na zamu yetu ikafika saa tano na dakika thelathini na tano. Dada wa pampu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akauliza bila kuniangalia:

"Ya ngapi?"

Nikakohoa kwanza.

"Jaza."

Shemeji akaketi wima kama mke wa waziri. Dada akaingiza nozeli, akabonyeza, na kabla sijaufurahia ule mlio, *tak!* Ikajizima. Nambari zikasimama kwenye shilingi 97.

"Imejaa," akasema.

"Dada, mshale uko chini, taa ya njano imewaka tangu Kangundo Road. Linawezaje kujaa kwa mia bila tatu?"

Akabonyeza tena. *Tak.* Tena. *Tak.* Petroli ilikuwa inaingia kwa mafungu ya kikombe cha chai. Nyuma yetu honi zikaanza, moja moja mwanzoni, halafu kwaya.

Sasa, Mkenya akiona shida ya gari la mwenzake hawezi kunyamaza. Mwenye pikipiki akasema nozeli igeuzwe juu chini. Ikageuzwa. *Tak.* Mzee wa pikapu akasema tangi lina hewa, litikiswe. Shemeji alikuwa ameshashuka. Yeye na vijana wawili wa boda wakalishika gari kwa nyuma wakalitikisa kama wanaoamsha mlevi, mimi nikiwa nimeinama pembeni nachungulia shingo ya tangi kwa taa ya simu. Hapo ndipo gari likacheua. Si kutiririka, kucheua: *bwaa!* Petroli ikatoka kwenye shingo ikanivaa kifua kizima, shati la mtumba la Gikomba nililokuwa nikilihifadhia harusi.

Saa sita kasoro dakika nane tulikuwa na lita nne. Meneja akaja, akanusa shati langu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, sogea pembeni wengine wajaze."

Tukalisukuma pembeni. Kutoka hapo niliwatazama watu wakisema "jaza" kama kwamba ni neno la kawaida, na matangi yao yakijaa. Saa sita ikagonga. Mabango ya bei yakabadilika. Shemeji akaniwekea mkono begani, akauondoa upesi, akanusa vidole.

Nyumbani Mama Tasha alifungua mlango nusu. "Baba Tasha, usikaribie jiko la gesi." Chakula nilipewa kwenye balconi. Nilikula wali baridi huku majirani wa ghorofa ya pili wakiulizana ni nani amemwaga petroli.

Asubuhi tukaenda Kirinyaga Road, kule wazee bado huita Grogan. Kabla sijazima injini, kijana mwenye ovaroli safi mno (ningejua) alikuwa ameshatoa jibu: "Ni pampu ya mafuta imekufa, mzee. Elfu nane mia tano, na mkono wangu tutaelewana." Shemeji akatikisa kichwa kwa uchungu wa kitaalamu. "Nilijua," akasema.

Chini ya lori lililokuwa karibu ikatoka sauti, halafu miguu, halafu mzee mzima aliyepakwa grisi hadi masikioni.

"Pampu ya mafuta inatoa petroli kwa tangi inapeleka kwa injini. Sasa itazuiaje kuingia?" Kijana akakumbuka ana mteja mwingine. Mzee akanigeukia. "Ukifungua kifuniko, linafanya *pssss*?"

Lilikuwa linafanya. Kila mara. Mimi nilidhani ni dalili ya afya, gari linavuta pumzi.

"Petroli ikiingia, hewa lazima itoke. Tangi lina njia yake ya kupumulia. Ikiziba, petroli inashuka na hewa inapanda kwa mlango mmoja. Umeona matatu pale Ambassadeur, wa kushuka na wa kupanda wakikutana mlangoni? Hakuna anayepita. Petroli inarudi juu, inaziba katundu kadogo kwa ncha ya nozeli, na nozeli inajizima. Hiyo nozeli haina kosa. Imefikiri mmejaza."

Akaingia chini ya gari, akafuata paipu za kupumulia moja baada ya nyingine, akachomoa ya mwisho, ile inayotokea hewani nyuma ya gurudumu. Akajaribu kupuliza kwa mpira wa hewa wa jirani anayeziba panchari. Kimya. Akaongeza hewa. Shemeji, kwa kuwa ni shemeji, akainama kuangalia upande wa pili wa paipu.

*Pop!*

Kitu kilimgonga kwenye paji la uso kikaanguka chini. Kidonge cha udongo mgumu, saizi ya kidole gumba, kimesuguliwa laini kama chungu. Mzee akakipasua kwa bisibisi. Ndani walijipanga buibui wadogo, saba au wanane, miguu imekunjwa, kama omena kwenye mfuko, na katikati yao buu jeupe limenona vizuri kuliko mimi.

"Nyigu wa matope," mzee akasema kwa heshima. "Anawachoma buibui wapooze bila kufa, anawafungia ndani na yai. Mtoto akianguliwa anakuta friji imejaa. Hili gari lilikaa wapi?"

Nikaona mparachichi. Nikaona Julai, Agosti, mimi kwenye matatu nikihesabu nilichookoa, na mama nyigu akipita na tonge la matope mdomoni, akiingia nyumba ya bure isiyo na kodi wala dipoziti. Plotini kwetu hata bedsita huwezi kupata bila dipoziti.

Mzee alichukua mia tano. Akafunga kipande cha wavu mdomoni mwa paipu na waya mwembamba, akamwambia shemeji aoshe uso.

Tukapitia kituo kile kile. Dada alikuwa bado zamuni, macho mekundu ya usiku kucha. Alilitambua gari, halafu shati. Akaingiza nozeli, akapima kwa kubonyeza kidogo. Petroli ikashuka laini, *shhhhh*, bila *tak* hata moja. Juu ya kichwa chake bango lilisoma 211.64. Nikafanya hesabu haraka ya zile elfu tisa, karo, na shati.

"Sasa linakubali!" dada akasema, kwa furaha ya kweli. "Tujaze?"

Shemeji akaketi wima.

"Ya mia tano, dada."