Haloperidoli si ya kukimbilia

Kuna makala inayoshauri kwamba mume mwenye dimenshia (ugonjwa wa kupungukiwa kumbukumbu na akili) akianza kumtuhumu mkewe wizi au uzinzi apewe haloperidoli, dawa ya akili. Taratibu jamani! Tuhuma zikizuka ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mpimeni mkojo kwanza, ulizeni kama anapata choo, kagueni dawa mpya, maana maambukizi, choo kigumu au dawa huweza kumvuruga akili. Dawa ya akili ni pale anapokuwa hatari au anateseka mno. Hapo daktari huanza na risperidoni, dawa nyingine ya akili, miligramu 0.25, yaani nusu ya kidonge cha 0.5; haloperidoli ya miligramu 5 ni dozi ya kijana, si ya mzee. Akiwa anaona watu wasiokuwepo na mwili unakakamaa, huenda ni dimenshia ya Lewy (aina ya dimenshia inayoathiriwa vibaya na dawa hizi), na haloperidoli inaweza kumuua. Tangu 2005 Marekani imeonya kwamba dawa mpya za akili kama risperidoni huongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia, na tangu 2008 onyo hilo linahusu pia za zamani kama haloperidoli. Akianzishiwa dawa, tathmini irudiwe kila wiki 6.