Ukoo wa 1688 na Sindano ya Nusukaputi

Kabla mgonjwa hajachomwa sindano ya nusukaputi, ningependa aulizwe maswali mawili. Je, kuna ndugu yako aliyewahi kupooza au kufariki baada ya kupewa dawa za usingizi? Je, kuna watu katika ukoo wenu ambao ngozi ya mikono yao huchubuka ovyo wakikaa juani? Hayahitaji mashine wala maabara. Nimeyatoa katika kazi ya Geoffrey Dean, daktari kutoka Uingereza aliyehamia Port Elizabeth, Afrika Kusini, mji ambao leo unaitwa Gqeberha. Utafiti wake juu ya pofiria, ugonjwa wa kurithi unaohusu utengenezaji wa damu, aliuchapisha kama kitabu mwaka 1963, na kwangu ni miongoni mwa kazi bora za kitabibu zilizowahi kufanyika katika bara hili.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Mwili hutengeneza hemu, ile sehemu ya damu yenye chuma inayobeba oksijeni, kwa hatua nane, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoiendesha. Kimeng'enya kimoja kikilegea, malighafi ya hatua hiyo hurundikana. Baadhi ya malighafi hizo huitwa pofirini, nazo zikijaa kwenye ngozi, mwanga wa jua huleta malengelenge na makovu. Zikizidi zile kemikali za hatua za mwanzo, neva ndizo zinazoumia: tumbo linakata vibaya mno, mgonjwa anachanganyikiwa, viungo vinaishiwa nguvu, na mambo yakiharibika zaidi hata misuli ya kupumua inagoma. Aina aliyoifuatilia Dean, iitwayo pofiria variegata, hutokana na udhaifu katika hatua ya saba na inaweza kuleta balaa zote mbili.

Dean alikutana na wagonjwa waliopooza baada ya kupewa barbitureti, dawa za usingizi zilizotumika sana enzi hizo. Angeweza kuandika ripoti ya mgonjwa mmoja mmoja na kuishia hapo. Badala yake aliwafuata ndugu zao. Alitazama migongo ya mikono, akiangalia makovu na ngozi nyepesi inayobanduka kwa kuguswa kidogo tu. Aliomba sampuli za choo ili zipimwe pofirini, jambo ambalo si rahisi kumwomba mtu usiyemjua. Akakuta koo ambazo ngozi ya namna hiyo ilikuwa na jina la ukoo kabisa, watu wakiichukulia kama wengine wanavyochukulia pua ndefu. Akapanda nasaba kizazi baada ya kizazi, akipekua kumbukumbu za ndoa na ubatizo, mpaka akafika kwa Gerrit Jansz na Ariaantje Jacobs, walowezi wa Kiholanzi waliooana kwenye Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688. Mwaka 1996 wanasayansi walipobainisha badiliko la jeni husika, wagonjwa wa Afrika Kusini walikutwa karibu wote wana badiliko lile lile moja, kama ambavyo ungetarajia kwa watu wa chimbuko moja.

Wengi husimulia habari ya ndoa ile na kuishia hapo. Mimi naona uzito uko kwingine. Kwa zaidi ya miaka 200 jeni hii ilirithishwa na wenye nayo wakazaa, wakalima, wakazeeka, tabu yao kubwa ikiwa ngozi. Vifo vilianza kuonekana pale barbitureti na dawa za salfa zilipoingia hospitalini, kwa sababu dawa hizo hulisukuma ini kutengeneza hemu kwa kasi ambayo kimeng'enya kilicholegea hakiimudu. Yaani tiba ndiyo iliyogeuza tatizo la ngozi kuwa ugonjwa unaoua. Dean alilisema hilo wazi, na nasikitika kwamba watu hukumbuka zaidi mabishano kuhusu Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, kwamba eti aliugua pofiria, dai ambalo Dean mwenyewe alilipinga.

Leo zipo dawa. Hemu hutolewa kwa dripu wakati wa shambulio, na tangu 2019 ipo givosirani ya kuzuia mashambulio. Kinachoniuma ni mgonjwa kuzungushwa miaka, akiambiwa tumbo lake ni wasiwasi au anaigiza, wakati kipimo cha kuanzia ni mkojo. Upimwe pofobilinojeni, mojawapo ya zile kemikali za hatua za mwanzo, siku ile ile ya maumivu, na chombo kifunikwe kisipigwe na mwanga. Mkojo wa mgonjwa wa pofiria ukiachwa juani unaweza kugeuka rangi ukawa mwekundu wa kahawia, na dalili hiyo tu ingetosha kumshtua muuguzi makini. Wiki kadhaa baadaye, maumivu yakishaisha, majibu yanaweza kurudi safi kabisa na mgonjwa akaonekana mwongo.

Na mmoja akishagundulika, kazi haijaisha. Ndugu zake wa damu waitwe wapimwe, hata wasio na dalili yoyote, kisha faili la kila mwenye jeni hiyo liandikwe kwa herufi kubwa dawa asizopaswa kupewa, kabla hajafika chumba cha upasuaji akiwa hawezi kujieleza.